Ruta Mbili, Namba Moja, na Barua ya Mzee Pazi

Jumapili, Desemba 21. Bagamoyo.

Mvua imenyesha kidogo alfajiri, kiasi cha kuwaamsha mbu tu, kisha ikaondoka na kutuachia joto. Mji mzima unatokota. Nimekaa barazani na kompyuta mapajani, kanga imenilowa mgongoni. Mama amepita mara mbili kuniuliza kama nina homa. Nimemwambia ni jua.

Si jua.

Shajara yangu, kuna jambo nimelificha tangu Alhamisi. Nilidhani likikaa ndani litapoa, kumbe linachacha. Sijalala vizuri siku tatu. Nikisikia simu inaita nashtuka kama mtu anayedaiwa roho. Naliandika kwanza hapa nione kama linaandikika, maana likiandikika huenda likasemeka.

Kwa wale wachache mnaopita humu na hamnijui: naitwa Mwanahamisi, nina miaka thelathini na mmoja, na ni fundi wa mtandao katika kampuni ndogo inayopeleka intaneti vijijini kwa minara, kutoka hapa mjini kufuata njia ya Msata, Fukayosi, Kiwangwa, na huko ndani mpaka Ubena. Mafundi tuko watatu. Wawili wanapanda minara, mimi napanda kiti. Kazi yangu ni ruta, vile visanduku vinavyokaa chini ya kila mnara na kuamua ujumbe upite njia ipi.

Lazima nieleze kidogo jinsi visanduku hivyo vinavyoishi, vinginevyo hamtaelewa nilichofanya. Nivumilieni.

Njia za mtandao wetu hatuziandiki moja moja kwa mkono. Ruta zinazungumza zenyewe. Kila moja inawatangazia majirani zake: mimi ni fulani, kwangu kuna barabara hizi na hizi. Jirani anasikia, anaandika, anampelekea jirani wa pili, mpaka mtandao mzima unakuwa na ramani moja. Mnara mmoja ukizimika, zinaambizana na kutafuta njia nyingine bila kunisubiri mimi nifike ofisini.

Sasa, ili mazungumzo hayo yaende, kila ruta lazima iwe na namba ya utambulisho ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Ukiipa namba mwenyewe, inatumia hiyo. Usipoipa, inajichagulia: kwanza inatazama anwani zake za ndani, zile zisizofungwa kwenye waya wowote, inachukua iliyo kubwa kuliko zote. Isipokuwa nazo, inatazama anwani za nyaya zilizo hai na kuchukua kubwa ya hizo. Sisi tunazipa kwa mkono na kuziandika kwenye daftari la jalada jeusi lililofungwa kwa kamba kwenye meza yangu. Ruta iliyojichagulia namba leo inaweza kuamka kesho na namba nyingine, kwa sababu tu mtu kaichomekea waya mpya.

Na jambo la pili, ambalo ndilo lililoniponza. Ruta ikishaishika namba, haiiachi kirahisi. Unaweza kuiandikia nyingine kwenye mipangilio, ukaiona kwa macho yako kwenye skrini, na yenyewe ikaendelea kujitangaza kwa ile ya zamani. Haitabadilika mpaka uizime, au uianzishe upya ile programu inayoongea na majirani. Hata anwani ambayo namba ilichukuliwa kwake ikifutwa kabisa, namba inabaki.

Nayajua haya yote. Mwaka jana niliwasomesha wenzangu, na nilitembea huku na huko mbele ya ubao kama mwalimu mkuu.

Basi. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu tulikuta ruta ya Fukayosi imeungua. Radi. Nikatoa ya akiba stoo. Kuiandika ruta kuanzia mwanzo ni kazi ya saa mbili, na mwenzangu Shabani alishapakia pikipiki yake anasubiri. Nikafanya kile ambacho kila fundi anafanya na kila fundi anakataza: nikachukua nakala ya mipangilio ya Kiwangwa, nikaimimina yote kwenye ruta mpya, kisha nikabadilisha jina, anwani na nywila. Namba ya utambulisho nikaisahau. Ruta ikaenda Fukayosi ikiwa na namba ya Kiwangwa kifuani.

Shabani akaifunga, akaiwasha, akanipigia kwamba taa zote ni kijani. Saa sita kasoro, nikipitia kazi yangu, nikauona ule mstari. Nikaufuta haraka, nikaandika namba sahihi ya Fukayosi. Ruta ikanijibu kwa ustaarabu kabisa kwamba imesikia, namba mpya itaanza kutumika programu ikianzishwa upya.

Ilikuwa Ijumaa. Adhana imeshatoka, Shabani ameshashuka na kuwasha pikipiki awahi msikiti wa hukohuko, na ofisini Ijumaa tunafunga saa sita mpaka saa nane. Tena tuna kanuni yetu: usianzishe upya kitu kwenye mnara wa mbali ikiwa hakuna mtu pale chini, kwa sababu kisiporudi utamtuma mtu kilomita zote hizo. Nikasema nitafanya baada ya swala, Shabani akirudi mnarani kuchukua vifaa vyake. Baada ya swala palikuwa na khitma kwa jirani wa ofisi yetu. Pilau lilikuwa la nyama ya mbuzi. Tukala, tukaongea, tukacheka, na Shabani akarudi mjini na vifaa vyake bila mimi kukumbuka chochote.

Nimewahi kujiuliza watu hupotezaje kazi zao. Kumbe hata pilau linatosha.

Kwetu pwani, mtoto kupewa jina la mtu ni heshima. Mimi nina somo wangu, bibi mzaa baba, na alipokuwa hai kila Idi alinikumbuka kabla ya wajukuu wengine wote. Ruta hazina mambo hayo. Zingekuwa zinapakana moja kwa moja, zingekataana palepale na kunipigia kelele siku ileile. Lakini kati ya Fukayosi na Kiwangwa kuna minara yetu mingine miwili. Kwa hiyo Fukayosi inatangaza: mimi namba saba, barabara zangu ni hizi. Tangazo linazunguka mpaka linafika Kiwangwa. Kiwangwa, ambayo nayo ni namba saba, inasikia maneno yaliyosemwa kwa jina lake ambayo yenyewe haikuyasema. Inakanusha kwa tangazo jipya. Kanusho linafika Fukayosi, nayo inakanusha. Wale walio katikati wanaandika ramani na kuifuta, wanaandika na kuifuta. Kiwangwa inaonekana, inapotea, inaonekana tena.

Fukayosi ilikuwa inapotea vilevile. Lakini kule mteja wetu ni mmoja, shule ya sekondari, na shule zimefungwa. Hakuna aliyepiga simu.

Kiwangwa walipiga. Kituo cha afya walipiga, kwamba majibu ya vipimo vya wagonjwa yanakwenda nusu. Wanunuzi wa mananasi walipiga, na huu ndio msimu wenyewe, hawataki mchezo. Kila wakipiga nilifungua mipangilio ya Kiwangwa nikaisoma, nikafungua ya Fukayosi nikaisoma. Kila kitu sahihi. Namba saba Kiwangwa, namba kumi na moja Fukayosi, kama daftari jeusi linavyosema. Nikafunga, nikawaambia wenzangu tatizo haliko kwenye ruta. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Na kama tatizo haliko kwenye ruta, basi liko kwa mtu.

Mtu mwenyewe ni Mzee Pazi. Ndiye mlinzi na mtunzaji wa mnara wa Kiwangwa tangu ujengwe, na shamba lake la mananasi limepakana na uzio wetu. Kila asubuhi anafungua kabati la vifaa, anasema bismillahi, anafuta vumbi kwa kitambaa, kisha anafuta na paneli za jua. Hakuna aliyemwagiza. Ndivyo anavyoheshimu kitu alichokabidhiwa.

Ila ana doa moja. Mwaka jana meneja wetu, Bwana Mrisho, alifika bila taarifa akakuta simu sita za wanakijiji zinachajiwa ndani ya kabati letu. Siku hiyo kulikuwa na msiba, wafiwa walihitaji kuwapigia ndugu wa mbali, na umeme wa kijiji ulikuwa umekatika. Mzee aliomba radhi na haikujirudia. Lakini Bwana Mrisho ni mtu wa kuweka akiba, hasa ya makosa ya wengine.

Jumatano iliyopita akampigia mzee kwa spika, sote tunasikia.

"Mzee, hilo kabati unalifanyia nini kila asubuhi?"

"Nafuta vumbi tu, bwana."

"Usiliguse tena. Hata kwa kidole. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana."

Niliinamisha kichwa nikajifanya nasoma. Bado nilikuwa sijajua kosa ni langu, hilo nashukuru kuliandika, lakini ile sauti ya mtu mzima kujibu "bwana" kwa kijana wa rika la wanawe ilinikaa masikioni.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, sijui nini kilinisukuma. Badala ya kufungua mipangilio nikaiuliza ruta ya hapa mjini inamsikia nani huko nje. Ikaniletea orodha ya matangazo yote. Namba saba. Namba saba. Namba saba, kila sekunde chache, na barabara zinabadilika kila mara. Nikaiuliza Fukayosi moja kwa moja: wewe sasa hivi unajiita nani?

Saba.

Siku zote nilikuwa nasoma cheti cha kuzaliwa badala ya kumuuliza mwenye jina. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na mimi nilivaa nguo hiyo wiki mbili.

Nikakiuka kanuni, nikaianzisha upya programu ya Fukayosi bila mtu mnarani. Sekunde arobaini zile sitazisahau. Kisha Fukayosi ikarudi, inajiita kumi na moja, na orodha ikatulia kabisa. Hakuna aliyekanusha chochote tena.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Bwana Mrisho alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anapuliza chai. Ningesema, meneja, nimepata, kosa ni langu, limekwisha. Maneno sita. Nikanywa maji. Nikajiambia nitasema jioni akiwa peke yake, na jioni nikajiambia kesho.

Najua kwa nini. Januari nimeahidiwa kuwa msimamizi wa mtandao mzima. Nilipoajiriwa palikuwa na watu waliosema mwanamke atafanya nini kwenye minara, na Bwana Mrisho, pamoja na ubaya wake wote, ndiye aliyenitetea. Niliogopa kuuona uso wake ukibadilika. Niliogopa kicheko cha wale waliosema. Na nilijidanganya kwamba mtandao umepona, sasa nani ameumia?

Jibu nililipata Ijumaa asubuhi.

Bwana Mrisho aliingia anatabasamu. Alishatazama grafu ya usiku, Kiwangwa haijakatika hata mara moja. Akagonga meza.

"Mnaona? Jumatano nimemkanya, Alhamisi mtandao umetulia. Nilisema mimi. Yule mzee ndiye."

Shabani akasema labda ni bahati tu. Meneja akasema bahati ya wapi. Akatangaza kwamba Jumatatu, yaani kesho saa tatu, tutakaa kikao kifupi, mzee ataandikiwa barua ya kusimamishwa na atatafutwa mtu mwingine.

Nilitengeneza kimyakimya nikidhani nazima moto, kumbe natengeneza ushahidi dhidi ya mtu. Laiti ningeiacha mbovu mpaka Jumatatu, angalau ingeendelea kukatika na mzee hajagusa kitu, angeonekana hana hatia. Kupona kwa mtandao ndiko kulikomtia hatiani.

Na bado sikusema. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta mara tatu, sasa naiacha. Bado sikusema.

Jana nikaenda Kiwangwa. Ofisini nilisema nakwenda kupima betri. Rohoni nilikwenda kumwambia mzee kwanza, kwa sababu nilidhani kwake itakuwa rahisi. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuanza. Mzee, nina neno. Mzee, uniwie radhi.

Nilimkuta nje ya uzio, amekaa kwenye gogo. Kabati limefungwa na limejaa vumbi jekundu. Mkewe, Mama Zuhura, akanikatia nanasi kabla sijakaa vizuri. Nikala kipande cha kwanza. Nikasema mzee, nina neno, na yeye akainua mkono.

"Ngoja mwanangu, mimi nina neno kubwa zaidi. Umekuja kwa wakati. Nilikuwa nikuite."

Akanieleza, taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo siku nyingi. Kwamba mwanzoni alikasirika kuambiwa yeye ndiye mharibifu. Lakini tangu Jumatano hajagusa kabati, na tangu Alhamisi watu wa kituo cha afya wanamwambia mtandao umekaa sawa. Mtu mzima hawezi kubishana na jambo linaloonekana kwa macho.

"Basi ni mimi," alisema. "Sikujua, lakini ni mimi. Kitambaa changu lazima kiligusa waya. Watu wamekosa majibu yao ya hospitali kwa ajili ya usafi wangu."

Mama Zuhura alisema kutoka jikoni kwamba tangu siku hiyo mumewe hali chakula. Mzee akamwambia anyamaze.

Kwetu mtu mzima akikosa haendi kuomba radhi mwenyewe mikono mitupu. Hutafuta mtu anayesikilizwa amsemee. Mzee Pazi alinichagua mimi. Alisema meneja ananiamini, tena naandika Kiswahili kizuri, basi nimwandikie barua, yeye atie sahihi, niipeleke Jumatatu na niongeze maneno mawili ya kwangu. Hataki kazi kwa lazima, alisema. Anataka tu ijulikane kwamba hakukusudia.

Mama Zuhura akaleta daftari la shule, akachana karatasi mbili katikati.

Na hapa ndipo penyewe, shajara. Hapa ndipo palipo pagumu kuliko yote.

Nilichukua kalamu.

Nilikuwa na nafasi. Alinitazama kwa macho meupe kabisa yasiyonishuku chochote, kinywa changu kikafunguka, na kilichotoka ni "Nianze vipi, baba?" Akanitamkia na mimi nikaandika. Mimi Pazi, mtunzaji wa mnara wa Kiwangwa, nakiri kwamba kwa kutojua kwangu nilisababisha hitilafu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Alipokwama nilimsaidia neno. "Hitilafu" ni neno langu, yeye alisema "uharibifu" nikaona ni zito mno kwake, nikampunguzia. Nilimhurumia kwa kosa langu mwenyewe!

Akachukua dakika nzima kuandika jina lake chini. Akaikunja barua mara nne, akanipa kwa mikono miwili.

Nilisema nitaipeleka. Nikaondoka na mananasi matatu ndani ya kiroba.

Usiku kucha barua ilikuwa kwenye mkoba na mkoba uko mlangoni, lakini niliiona hata nikifumba macho. Asubuhi nilimwambia mama kila kitu. Nilitegemea atanionea huruma, kwa sababu yeye ndiye anayewatangazia wanawake wenzake wote kwamba mwanawe atakuwa bosi Januari. Aliendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Ungeandika ya kwako kwanza." Akarudi kwenye mchele wake.

Nimeandika ya kwangu.

Nimeanza saa nne asubuhi, nimemaliza saa tisa. Ripoti yenyewe ni ukurasa mmoja, muda uliobaki nilikuwa nafuta visingizio. Nilimtoa Shabani na pikipiki yake, nikaitoa adhana, nikaitoa khitma. Hivyo vyote vilikuwepo lakini havikuandika mipangilio ya Fukayosi. Yaliyobaki ni haya: niliinakili namba ya Kiwangwa, niliisahihisha kwenye mipangilio tu, sikuianzisha upya programu, niligundua Alhamisi nikatengeneza bila kumwambia mtu, Mzee Pazi hakuhusika kwa lolote. Nimeambatanisha kumbukumbu za ruta ya mjini. Zinaonyesha kila tangazo la namba saba na saa yake, zinaonyesha pia kwamba Alhamisi mtandao ulitulia dakika ileile niliyogusa Fukayosi. Nimeweka wazi kwamba mkanganyiko ulikuwepo mchana na usiku vilevile, saa ambazo mzee hayuko kabisa kwenye kabati. Yeyote aliyetaka kuliona hilo angeliona kwenye grafu tangu wiki ya kwanza, nikiwemo mimi.

Nimetuma kwa Bwana Mrisho, nakala kwa wenzangu wote, ili nisije nikarudi nyuma. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Kisha nikabonyeza. 

Ameisoma. Najua ameisoma, alama zinaonyesha. Hajajibu. Shabani ameandika "Pole dada", na sijui ni pole ya msiba au ya kazi.

Nilidhani hapo nimemaliza. Nilidhani kumkabili meneja ndiko mlima. Nikakumbuka kwamba huko Kiwangwa kuna mtu ambaye bado hajui, hali chakula, na kesho ataamka akisubiri hukumu ya jambo ambalo hakulifanya. Nikampigia saa kumi na nusu.

Nilisema kwa mkupuo, bila salamu ndefu, kwa sababu ningesimama ningekwama. Mzee, si wewe. Ni mimi. Nilikosea mimi kwenye ruta ya Fukayosi, kitambaa chako hakikufanya kitu, nimeshaandika kwa meneja na kwa wote.

Nikasikia kitu ambacho sikukitarajia: alicheka. Kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akaita kwa sauti, "Mama Zuhura! Si mimi! Kitambaa hakina neno!" Nikamsikia mkewe akipiga kigelegele kifupi huko nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikavuta pumzi mpaka chini. Machozi yakanitoka. Akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, ruta mbili na namba moja. Akasema alhamdulillahi mara nyingi. Akasema kukosea ni kwa binadamu, hata yeye aliwahi kupanda mbegu za mwenzake.

Nilisikia kuku wake, nilisikia mtu anatwanga.

"Umesema uligundua lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi hii iliyopita."

"Ndiyo, baba."

Nilijua linalokuja na sikuwa na pa kukimbilia.

"Kwa hiyo jana, ulipokuwa unaniandikia ile barua, ulikuwa umeshajua?"

Ningeweza kusema nilikuwa nimechanganyikiwa. Ningeweza kusema nilikuja kumwambia na yeye akaniwahi, na hilo ni kweli. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Hakunitukana. Hakupandisha sauti. Alisema, "Haya," kwa upole uleule anaowajibia watu wote, kisha simu ikakatika, na haikukatwa na mtandao.

Saa hii jua limepungua, mama ameanika mchele mwingine, na Bwana Mrisho bado hajaandika neno. Kesho saa tatu nitakuwa kwenye kiti changu, nitasema kwa mdomo niliyoyaandika, na atakaloamua nitalibeba. Januari ikiondoka, iondoke. Ajabu ni kwamba hofu ile ya meneja imenitoka yote, imehamia Kiwangwa.

Kwa sababu huko nitakwenda, kazi niwe nayo au nisiwe nayo. Nitashuka barabarani, nitapita shambani kwake mpaka alipokaa, nitainama nimwamkie shikamoo.

Ataitikia?